Maswali ya Wasomaji: Hija ya Bagamoyo, kutoka ufukweni hadi makaburini

Barua nyingi tulizopokea karibuni zinahusu Bagamoyo. Nyingine zimeandikwa na makatibu wa hija wanaotafuta ratiba, nyingine na walimu wanaotaka kusahihisha miaka vichwani mwa wanafunzi, na moja na fundi mwashi, ambayo tumeipa nafasi kubwa kwa sababu makanisa mengi ya pwani yana ugonjwa huohuo anaoueleza.

Tumsifu Yesu Kristo. Parokia yetu ilipeleka mahujaji Bagamoyo. Tulishukia mlangoni pa kanisa, tukapiga picha kwenye mnara, tukala, tukaungama, Misa ikachelewa, tukarudi usiku. Watu wanasema ile ilikuwa matembezi, si hija. Safari hii tuko 60. Tupange vipi?
*Katibu wa kamati ya hija, Dar es Salaam*

Milele amina. Tatizo ni mlango mliouingilia. Bagamoyo haianzii kanisani, inaanzia baharini. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwezi Machi 1868, na msalaba wa kumbukumbu uko ufukweni. Basi liwashushe huko, kisha liende tupu likawasubiri misheni, pamoja na wazee na wagonjwa wasioweza kutembea.

Kutoka msalabani nendeni kwa miguu kwa njia ya miembe, iliyopandwa mwaka 1871. Msalaba utangulie, watu wawili wawili, nyimbo ambazo kila mtu anazijua bila kitabu. Simameni mara nne au tano kwa makumi ya Rozari. Si mbali, ila maandamano ya watu 60 wanaoimba na kusimama huenda polepole sana, hivyo tengeni saa nzima. Mkifika, anzeni na mnara wa kanisa la kale, kisha makumbusho yaliyo katika nyumba ya zamani ya masista, kisha makaburi, kisha groto (pango la sala) ya Bikira Maria. Misa iwe ya mwisho, katika kanisa kubwa. Watu wataingia kwenye Misa wakiwa wameshabeba kitu cha kuleta altareni.

Sasa saa zenyewe. Muwe ufukweni saa 2 asubuhi, na kwa hiyo mtoke Dar es Salaam kabla ya saa 12, maana umbali wa kilomita kama 70 unadanganya: foleni ya Tegeta na Bunju ndiyo inayoamua. Saa 3 muingie misheni. Saa 5 na nusu Misa. Saa 7 chakula. Saa 9 basi liondoke. Atakayewaambia muanze saa 4 kwa sababu "watu watachelewa tu" anawapangia maandamano ya saa 6 mchana juani, na hapo ndipo akina mama wanapoanguka.

Kitubio ndicho kilichowachelewesha. Fanyeni hesabu: watu 60, dakika tatu kila mmoja, padre mmoja, hiyo ni saa tatu kamili. Ungameni parokiani katika juma linalotangulia, na Bagamoyo abaki yule tu aliyeguswa njiani. Ikiwa mnataka wote waungame hukohuko, nendeni na mapadre watatu au laleni usiku mmoja.

Barua ya paroko wenu iende mwezi mmoja kabla, itaje idadi, tarehe, saa ya Misa mnayoomba, kama mnakuja na padre wenu, na kama mnahitaji chakula na malazi. Padre wa nje abebe kitambulisho chake cha upadre. Angalieni pia anwani: tangu Machi 2025 Bagamoyo ni jimbo lake lenyewe, kwa hiyo barua isipelekwe Morogoro kwa mazoea. Kila mtu awe na maji lita moja na nusu, kofia au khanga ya kichwani, na viatu vilivyozoea mguu.

Tulisali kwenye msalaba wa ufukweni asubuhi, bahari ikawa mbali kabisa, matope matupu. Wenzetu wa parokia jirani walisali maji yakiwa karibu. Wanajuaje?
*Mwenyekiti wa jumuiya, Kibaha*

Wanatazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi. Ukipanga sala ya asubuhi siku hizo utakuta mchanga na matope. Kila siku maji husogea mbele kwa dakika kama 50, hivyo baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, yanajaa asubuhi saa 4 hivi. Basi hesabuni siku saba baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Mkisali jioni, hesabu inageuka: bamvua ndiyo siku yenu.

Msiwaruhusu watoto kuingia majini wakati watu wazima wamefumba macho kwa sala. Ufuko ni tambarare, na maji yanayorudi hupita haraka kwenye vijito vya matope.

Lipi ndilo kanisa la kwanza: lile lenye mnara mdogo au lile kubwa? Wanafunzi wangu wa katekesi wananichanganya na mimi nawachanganya.
*Katekista, Kilosa*

Mwaka 1868 ni wa misheni, si wa jengo. Mwanzoni palikuwa na majengo ya muda, na tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilichopiga Unguja na Bagamoyo kilivunja karibu kila kitu. Kanisa la mawe la mwaka huo wa 1872 ndilo kanisa la kwanza, na kilichobaki kwake ni mnara, ambao watu wanauita Mnara wa Livingstone. Kanisa kubwa linalotumika kwa ibada lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Katikati ya miaka hiyo zilisimama nyumba ya mapadre iliyoanza 1873, na nyumba ya masista ya 1876. Groto nayo ni ya 1876, miaka 18 tu baada ya matukio ya Lourdes, Ufaransa, ambako Bikira Maria anaaminiwa kutokea, na waliojenga kwa mikono yao ni watu waliokombolewa utumwani.

Wafundisheni watoto miaka mitatu tu, 1868, 1872 na 1914. Mingine itakuja yenyewe.

Vitabu na waongozaji wanasema Bagamoyo ndipo Ukatoliki ulipoanza Afrika Mashariki. Sisi Mombasa tuna mashahidi wa 1631! Nani mkweli?
*Mwalimu wa historia, Mombasa*

Wewe ni mkweli, na hao waongozaji wanahitaji neno moja tu kuongeza: "bara," na lingine: "uliodumu." Mapadre Wafransisko walifika Kilwa pamoja na Wareno mwaka 1505. Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na kikanisa cha Wareno chenye makaburi kipo hadi leo. Waagostino walikuwa na nyumba Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 16. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa na kulelewa Goa kwa jina la Jerónimo, aliasi dhidi ya Wareno, na Wakristo waliokataa kuacha imani wakauawa, wakiwamo Waafrika wengi. Hao ndio mashahidi wenu.

Ila kazi ile ilikwenda na Wareno. Walipoondolewa, karibu hapakubaki jumuiya. Mwanzo mpya ulikuwa Unguja mwaka 1860, padre Armand Fava alipofika kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenzake na masista wa Mabinti wa Maria. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo chini ya Padre Antoine Horner, na miaka mitano baadaye wakavuka bara. Kutoka Bagamoyo zikazaliwa Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882, Kilema ya Kilimanjaro 1890, na mstari haujakatika tangu hapo. Hata Nairobi inahusika: misheni ya Mtakatifu Austin, iliyoanza 1899, ni kazi ya shirika hilohilo.

Na tusiwasahau ndugu zetu wa Kianglikana, ambao Krapf, mmisionari wa shirika lao, alikuwa Rabai, jirani yenu, tangu 1846.

Livingstone alikuwa Mkatoliki? Kwa nini mwili wake ulilazwa kanisani kwetu?
*Kijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi), Mbeya*

Hapana. Alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, aliyeletwa Afrika mara ya kwanza na shirika la wamisionari la London. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa huko chini ya mti. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalala usiku wa tarehe 24 mnarani, kisha ukavushwa Unguja kwa meli na kuzikwa London mwezi Aprili. Mapadre waliupokea kwa sababu misheni ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari ya wachovu wale, na maiti hukaribishwa bila kuulizwa dhehebu.

Tuseme wazi lililo moyoni mwetu: mnara ule unastahili zaidi majina ya waliobeba kuliko la aliyebebwa. Mkisimama pale, watajeni Chuma na Susi kwa sauti. Mlango wenye maandishi kwamba Livingstone alipita hapo uko katika kanisa la Waanglikana mjini, si misheni, kwa hiyo msimsumbue mwongozaji kuutafuta.

Nimesoma kwamba mapadre walikuwa wakinunua watoto sokoni Unguja. Je, huko si kushiriki biashara ileile? Naogopa kuwapeleka wanafunzi wangu mahali nisipoweza kupaeleza.
*Mwalimu wa sekondari, Dodoma*

Swali lako ni zito na linastahili jibu lisilofunika kitu.

Ni kweli walilipa fedha. Watoto na watu wazima walinunuliwa katika soko la Unguja ili waachiliwe. Wengine walifikishwa misheni baada ya manowari za Waingereza kukamata majahazi ya watumwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba na Uingereza. Hoja ya wanaolaumu ni kwamba kila fedha inayoingia sokoni humpa muuzaji sababu ya kurudi. Hoja ya mapadre ilikuwa kwamba mtoto aliye mbele yako leo hawezi kungoja mkataba wa kesho. Mwalimu asichague upande mmoja na kuuficha mwingine. Aziweke zote mbili mbele ya darasa.

Na waliokombolewa hawakuachiwa waende watakako. Waliwekwa katika Kijiji cha Uhuru cha Kikristo. Watoto walisoma nusu ya siku na kufanya kazi nusu: shambani, kwenye useremala, uhunzi, ushonaji. Wakikua walioana, wakapewa nyumba na kipande cha shamba, na baadaye baadhi ya familia zikapelekwa bara kuanzisha vijiji vipya, kuanzia Mhonda. Kengele ilipanga saa zao zote. Wapo walioipenda nidhamu hiyo kwa sababu iliwapa jina, ndugu na mahali pa kuzikwa. Wapo pia waliotoroka, kwa kuwa ilikuwa kengele ya mtu mwingine. Mtu aliyenyang'anywa wazazi akiwa na miaka saba ana haki ya kukataa hata amri ya mwema.

Lakini tazama kilichotokea. Misheni zilizofunguliwa bara hazikubebwa na mapadre peke yao. Padre mmoja au wawili wangefanya nini Uluguru au Unguu bila familia zinazojua kulima, kujenga, kuzungumza Kiswahili na kuongoza sala? Imani ilikwenda bara miguuni mwa watu ambao msafara wa kwanza waliotembea katika njia hiyohiyo uliwaleta pwani wakiwa wamefungwa. Hilo ndilo tunalotaka wanafunzi wako walione, na ndiyo sababu tunasema Bagamoyo ni mahali pa hija.

Wapeleke makaburini. Wasome misalaba taratibu na kuhesabu umri: wamisionari wengi walikufa vijana, wengi kwa malaria. Padre Étienne Baur, aliyevuka na Horner, alizeeka hapo na kufa 1913, na ni wachache waliopata umri wake. Kisha waulize swali hili: waliokombolewa wamezikwa wapi, na kwa nini majina yao hayasomeki kwa wepisi kama haya? Wape dakika kumi za kimya. Baada ya hapo ndipo muende groto waliyoijenga, na msali Rozari kwa nia yao.

Mimi ni Mganda. Kwetu Kigungu tunakumbuka Padre Lourdel na Bruda Amans. Rafiki yangu Mtanzania anadai nao walipita Bagamoyo. Je, ni shirika moja?
*Msomaji, Entebbe*

Si shirika moja, lakini rafiki yako yuko sahihi. Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe, walianzishwa na Askofu Lavigerie mjini Algiers mwaka uleule wa 1868. Msafara wao wa kwanza ulianzia Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Tabora na kugawanyika. Kundi moja lilikwenda Nyanza, na Lourdel na Amans wakatua Kigungu Februari 1879. Jingine lilikwenda Ujiji, na kutoka huko Rumonge, Burundi, ambako wamisionari watatu waliuawa mwaka 1881. Save ya Rwanda ilifuata mwaka 1900. Kwa hiyo Mkatoliki wa Uganda, Burundi au Rwanda anayefika Bagamoyo anasimama mahali ambapo mizigo ya waliombatiza babu wa babu yake ilifungwa.

Je, kuna rehema kamili kwa kuhiji Bagamoyo?
*Mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Morogoro*

Rehema kamili ni kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Ile ya mahali maalumu hutolewa kwa tamko la Kanisa, na huwa na tarehe zake. Wakati wa jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji, iliyofikia kilele Bagamoyo Novemba 2018, mambo hayo yalitangazwa parokiani. Kabla ya kuwatangazia akina mama, mwulize paroko kama kuna tamko linaloendelea.

Hata bila tamko hamrudi mikono mitupu. Rozari ikisaliwa kanisani au na kundi, na Njia ya Msalaba mbele ya vituo vilivyobarikiwa, zote huleta rehema kamili siku yoyote ya mwaka kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Ungamo moja latosha kwa rehema kadhaa, nalo laweza kufanyika siku chache, hata 20 hivi, kabla au baada. Komunyo na sala kwa nia za Papa ni kwa kila rehema moja, na rehema kamili ni moja tu kwa siku. Mwaweza pia kuitolea kwa marehemu. Makaburini Bagamoyo mtajua wa kuwapa.

Kanisa la kigango chetu lilijengwa na wamisionari kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tulilipiga plasta ya simenti ili lipendeze. Sasa hadi kimo cha mita moja na nusu plasta inabanduka, rangi inavimba, na kuna unga mweupe. Kuta za Bagamoyo ni za mawe hayohayo. Tupige simenti kali zaidi?
*Fundi mwashi, Pangani*

Tafadhali usipige! Simenti ndiyo iliyoleta ugonjwa, na simenti kali itauongeza.

Jiwe la matumbawe lina vitundu, linafyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi. Plasta ya chokaa ya zamani iliyaacha maji hayo yatoke kama mvuke uso mzima wa ukuta, kimyakimya. Simenti imeziba. Maji yaliyokosa njia yanapanda juu zaidi, yanatokea penye ufa, yanakauka na kuacha chumvi nyuma ya plasta. Chumvi ikiganda inatanuka na kusukuma. Ule unga mweupe ndiyo chumvi yenyewe. Mahali palipo na simenti ngumu sana, plasta haibanduki peke yake: inang'oka na uso wa jiwe.

Anza na maji kabla ya kugusa ukuta. Zungukeni kanisa wakati wa mvua muone yanakotua. Tengenezeni gata. Udongo uliorundikana nje uchimbwe hadi ardhi iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hadi 20, na mteremko uelekee mbali na ukuta. Ondoeni bustani za maua zilizogusana na ukuta, maana kila jioni mnaumwagilia ukuta. Msimwage zege kuzunguka msingi, kwa sababu litafungia unyevu chini na kuupandisha ndani.

Kisha ng'oeni simenti kwa patasi na nyundo nyepesi, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Msitumie mashine ya kukatia. Chumvi isuguliwe ikiwa kavu kwa brashi ya nyuzi na kukusanywa juu ya turubai. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani. Halafu ngojeni. Ukuta mnene unahitaji msimu mzima mkavu, miezi mitatu hadi sita, na ni hapa kamati nyingi zinaposhindwa: kuna sherehe ya kipaimara, kuna mgeni anakuja, wanapiga plasta juu ya ukuta mbichi, mwaka haujaisha unga umerudi. Paroko aambiwe hilo mapema. Kama mgeni anakuja, mpokeeni na ukuta wazi, mkamweleze kazi inayoendelea.

Chokaa iliyochomwa izimwe kwa kutiwa ndani ya maji, si maji kumwagwa juu yake ndani ya pipa jembamba, kwani inachemka na kuruka. Vaeni miwani na glovu. Ichujwe, ikae shimoni chini ya maji wiki tatu kwa uchache, na miezi mitatu ni bora. Chokaa ya mfuko iloweshwe kabla ya kutumika hadi iwe uji mzito. Mchanga uwe wa mtoni, mkali mkononi. Mchanga wa bahari una chumvi ileile mnayoifukuza. Jaribuni mchanga kwenye chupa ya maji: itikiseni, iacheni hadi kesho, na tabaka la tope juu likiwa nene, osheni mchanga au tafuteni mwingine.

Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu, upondwe sana badala ya kuongezwa maji. Lowesheni ukuta. Tabaka la kwanza litupiwe kwa mwiko, unene usizidi milimita 10, lichorwe mistari. Ngojeni kama juma, hadi ukucha uweze kuacha alama lakini dole gumba lisiweze kubonyeza. Ndipo la pili, na la mwisho jembamba la chokaa moja kwa mchanga laini mbili. Funikeni kwa magunia mabichi siku saba kila tabaka, kwa kuwa chokaa hugumu kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Jua na upepo wa kusi vikiikausha kwa siku moja, itabaki vumbi linalofutika kwa kiganja. Malizeni kwa chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Msipake rangi ya mafuta wala ya plastiki.

Plasta hii ya kwanza itakunywa chumvi iliyobaki na huenda ikachakaa baada ya miaka michache. Hiyo ndiyo kazi yake: iliwe yenyewe, jiwe lipone. Mnapoibadilisha, ya pili itadumu zaidi. Na kabla ya kuanza, pigeni picha za kila ukuta na kuomba ushauri wa Idara ya Mambo ya Kale, hasa kama kuna maandishi au michoro chini ya plasta.

Ule mbuyu wenye mnyororo ni kweli?
*Msomaji, Songea*

Kweli, mbuyu upo misheni na kipande cha mnyororo huonekana kikichungulia kwenye gome. Inasimuliwa kwamba Bi. Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa, aliuzungushia mti ili kumfungia punda wake mwishoni mwa karne ya 19, na mti ukaumeza. Si mnyororo wa watumwa, ingawa kuna wanaosema hivyo. Msiuvute, na msichonge majina.

Tutafika mwezi wa Ramadhani. Tuna kwaya ya vijana na spika kubwa. Kuna neno?
*Kiongozi wa kwaya, Chalinze*

Lipo. Wenyeji wengi wa Bagamoyo ni Waislamu, na mji huu ni mahali patakatifu kwao pia. Sheikh Ramiya, kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya hapo, naye alifika pwani akiwa mtumwa. Spika zitumike ndani ya eneo la misheni tu, zizimwe adhana inapoanza. Mjini na ufukweni msile wala kunywa barabarani mchana, mabega na magoti yafunikwe, na mzee anayepita asalimiwe kwa shikamoo kabla ya wimbo kuendelea. Maji ya kunywa njiani yabaki kwa wagonjwa na watoto. Wengine wanywe kabla ya kuanza na wakifika misheni.

Kwa kuwa mnatoka Chalinze, pandeni hadi Msata kisha mshike lami ya Bagamoyo. Hamna haja ya kupitia Dar es Salaam.

Tukimaliza Bagamoyo tunataka kufuata njia ya mapadre kinyume, hadi Unguja. Kuna boti?
*Mahujaji, Moshi*

Msipande jahazi la mizigo pwani ya Bagamoyo hata mkishawishiwa bei. Halina maboya ya kutosha wala orodha ya abiria, na likipata shida hakuna anayejua mlikuwa wangapi. Rudini Dar es Salaam mkalale, asubuhi mpande boti ya abiria bandarini, kila mtu akiwa na kitambulisho au pasipoti. Mji Mkongwe mtaona minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu kati ya 1893 na 1898. Kisha tembeeni hadi Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Mkiwa na siku moja tu, anzeni Mkunazini mapema kabla watalii hawajajaa, na kwa Mtakatifu Yosefu ulizeni saa za Misa siku moja kabla, kwani siku za kazi mlango hufungwa baada ya ibada.